Ufunguo Uliomo Ndani ya Bahasha Hii

Kachibora,
Jumatatu.

Kwa dada yangu mpendwa Rosaline,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Je, u mzima? Goti la shemeji Wakhungu linaendeleaje, na Nekesa wenu amerudi shule? Huku tuko. Mahindi yameanza kutoa ndevu, na mshono wa binti yangu Waithera unakauka vizuri. Nakuandikia kwa sababu kwa simu ningelia, na nyumba hii ya mbao kila kitu kinasikika.

Dada, unajua tulivyokaa na huyu mtoto tangu atoke kile kituo cha Bungoma cha kuachishwa dawa. Miezi saba bila tembe hata moja. Ndiyo sababu alipopasuliwa kidole tumbo Kitale, nilimeza aibu nikamwambia daktari yote: duka la dawa alikofanya kazi, na vile alivyokuwa akizimeza. Daktari hakutucheka. Alisema maumivu ya kupasuliwa ni ya kweli na lazima yatibiwe, lakini dawa ishikwe na mtu mmoja, ifungiwe, atoe moja asubuhi na moja jioni, na hata mgonjwa alie asiongeze. Zikibaki zirudishwe hospitali. Waithera mwenyewe ndiye alinivalisha ufunguo wa mkebe wa dawa shingoni, akicheka, ati sasa mimi ni askari jela.

Ijumaa mchana alishikwa na usingizi wa ajabu. Pumzi ilienda, ikakaa sana kabla ya kurudi. Nilimwekea mkono kifuani, nikawa nasema Baba Yetu kati ya pumzi na pumzi, na mara mbili nilifika amina kabla haijarudi. Ilifaa nimkimbize hospitali. Niliogopa kuulizwa.

Jumamosi ukaja wewe, ukahesabu, ukapata mbili hazipo. Ukamwita mwizi usoni, ati ameturudisha pale pale. Hakukataa. Ya Ijumaa hayakumbuki, kwa hivyo aliamini ni yeye. Ulipoondoka alianza kupanga nguo kwa begi ili arudi kituoni. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya chai, nikaendelea kumimina.

Dada, si yeye. Ni mimi.

Ile Ijumaa nilikuwa nikichambua maharagwe, nikaitwa kutoka chumbani: Kaguthii. Nani mwingine aliniita hivyo ila mama? Tangu tumzike mama sijasikia hilo jina. Waithera alikuwa amelala kwa kitanda cha mama, macho wazi lakini hanioni, akasema kwa ile sauti ya kukwaruza ati nilimnyima, nisimnyime tena. Si unajua kwetu mtoto akibeba jina la mama yako ni mama yako. Tangu azaliwe namwita mami. Na kuna jambo sijawahi kukuambia. Siku yake ya mwisho mama aliniomba tembe ya maumivu. Ilikuwa imebaki moja. Nikamwambia hiyo ni ya kesho, kwanza tuombe. Hakuiona kesho.

Nilifungua mkebe, nikampa Waithera mbili.

Jana baada ya kanisa, Waithera alikuwa uani akianika leso, namwona kwa dirisha. Nikaitwa tena, kutoka chumbani. Kitanda kilikuwa kitupu. Nilijikuta nimeshika ufunguo.

Hapo nikamwita nikamwambia yote. Hakulia. Aliniuliza tu niliitwa jina gani. Nilipolitaja akaniangalia sana, akasema yeye hajawahi kulisikia.

Begi amelifungua. Leo nimempigia daktari, amenigombeza, amesema Waithera ameze Panadol tu na tumlete Jumatano. Zile zingine bado zimo mkebeni. Ufunguo ni huu, nimeuweka kwa bahasha hii, nampa Wekoye wa gari la maziwa akuletee. Kaa nao. Uje nao Jumatano tuzirudishe pamoja, na umpe Waithera neno zuri, maana uliyemwita mwizi siye. Nikiitwa kabla ya hapo, sitakuwa na cha kufungulia.

Wasalimie wote wa Bumula. Tafadhali nijibu upesi, hata mistari miwili.

Mimi mdogo wako,
Nyaguthii