Upepo wa Kilo Sabini na Sita

3 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia na kompresa haijaanza tena kukohoa. Sisi huku wazima kabisa, na kama kuna kupita uzima basi mimi nimepita. Leo ni siku ya thelathini na moja tangu niolewe. Nahesabu, usinicheke.

Baba, ungeliona gari letu sasa. Kwa nje ni lile lile basi dogo la kijivu lililokuja kunichukua, lakini ndani ni nyumba: kitanda cha kukunja, jiko la gesi, sinki dogo kama bakuli, na nyuma kabisa kabati la mume wangu lenye droo za vioo vya miwani. Asubuhi anaegesha karibu na soko au shule, anatundika ubao wa herufi, na watu wanapanga foleni kupimwa macho. Ana mtindo wake: akishamvalisha mtu miwani, anamgeuza anitazame mimi. "Unaona nini pale?" Jana mzee mmoja akasema, "Naona mwanamke anacheka." Mume wangu akamwambia, "Basi imekukaa sawa." Nimeyaandika maneno hayo nyuma ya kalenda.

Ila gari linaruka. Hata kwenye lami nzuri tunatikisika kama maharage ndani ya debe. Vikombe sita ulivyotuzawadia vimebaki vinne. Mume wangu amejaza upepo paundi themanini, mbele na nyuma, yote sawa. Nilipomuuliza akachuchumaa, akanionyesha ubavuni mwa tairi: "Si imeandikwa hapa?" Nikanyamaza. Mimi, mtoto wa fundi matairi, niliyelazwa usingizi wa mchana ndani ya tairi la lori, nikanyamaza. Alikuwa amechuchumaa vizuri sana, nikaona haya kumkosoa.

Niambie upepo sahihi ni upi. Halafu kuna kiti cha nyuma karibu na dirisha, hakuna anayekikalia. Hicho ni chako. Funga karakana wiki mbili tu, uje.

Mwanao,
Mke wa Mpima Macho
(Nilitaka tu kuliandika jina hilo.)


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika. Mimi mzima. Mgongo upo, kompresa ipo.

Mwambie mkwe wangu namba ya ubavuni mwa tairi ni dari. Mtu hajengi nyumba akaishi darini. Tairi linasema, "Usinizidishe hapa." Halijui gari lako limebeba nini. Upepo ukizidi, tairi linakanyaga kwa katikati tu, mnaruka, na siku ya mvua breki zitachelewa kushika. Ukipungua, tairi linajikunja, linachemka, linapasuka. Kwa hiyo swali la kwanza ni uzito, siyo upepo.

Nendeni kituo cha mizani ya malori. Pakieni kila kitu kama siku ya safari: maji, gesi, nguo, vioo vyake vyote, na nyinyi wawili ndani. Mpime ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Niletee namba mbili. Jedwali la kiwanda cha matairi ninalo ukutani, unalijua.

Kumkosoa mume siyo kosa. Kumwacha atembelee themanini ndiyo kosa.

Kuhusu kiti, asante. Ila nikifunga hapa nani atafungua? Wateja wana haraka.

Baba yako


29 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Umekula leo? Nauliza kwa sababu barua yako haikusema chochote juu ya chakula, na mwandiko wako umekuwa mwembamba.

Nilimweleza. Nilianza kwa kumpikia, nikamalizia kwa kumsomea barua yako. Nilipofika pale kwenye dari alitoka, akasimama nje akiyatazama magurudumu yake. Akarudi: "Kwa hiyo miaka minne naishi darini?" Nikamwambia ndiyo, mpenzi wangu. Akacheka hadi akavua miwani kufuta machozi. Baba, nilimpenda upya, kana kwamba sikuwa nimempenda kabla.

Tukaenda kwenye mizani. Lakini kabla ya kuingia nilifanya jambo. Unakumbuka kila tulipopeleka rimu mbovu kwa muuza vyuma chakavu, tulivyokuwa tunapanda na sisi juu ya mizani yake, halafu unaandika uzito wetu kwa chaki nyuma ya mlango wa karakana? Mara ya mwisho ilikuwa wiki moja kabla ya harusi. Mimi hamsini na nane, wewe sabini na sita. Basi nilijaza madumu matatu ya maji ya lita ishirini, nikaongeza sanduku la spana la kilo kumi na sita, nikavipanga kwenye kiti cha nyuma karibu na dirisha na kuvifunga mkanda.

Karani wa mizani akachungulia. "Mama, haya maji mbona yamefungwa mkanda?"

"Huyo ni baba yangu."

Akamgeukia mume wangu. "Kaka, shemeji mzima huyu?"

"Mzima. Mkwe ndiye bado hajapanda."

Mbele ni kilo elfu moja mia sita na kumi. Nyuma, pamoja na wewe, elfu mbili mia moja na arobaini. Tupigie hesabu.

Mwanao


14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimekula.

Mbele wekeni paundi hamsini. Nyuma sitini na tano. Lakini hiyo sitini na tano ni ya mtu asiyekuwepo. Nitoeni mimi, iwe sitini na tatu. Hakuna sababu ya kubeba upepo wa mtu aliyeko nyumbani.

Mpime asubuhi, gari likiwa limelala, kabla hata ya kuwasha injini. Tairi likishatembea linapata joto na geji ya upepo inapanda. Hapo namba hiyo si yake, ni ya joto. Msilipunguze. Wengi wanapunguza mchana, kesho yake wanaondoka na tairi legevu.

Geji yako ya shaba nimeikuta kwenye droo ulimokuwa unaweka vibanio vya nywele. Bado inasoma vizuri. Nimeiacha hapo hapo pamoja na vibanio.

Jana nilipika wali nikasahau, nikapima vikombe viwili. Leo sikupika, nimekula ule ule.

Baba yako


30 Aprili

Baba mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa wali wa siku mbili.

Gari limetulia. Nikiweka kikombe mezani kinakaa. Mume wangu anaendesha akinigeukia kila mara, "Unasikia? Unasikia?" na mimi namwambia nasikia, tazama mbele. Juzi alipima saa sita mchana, akakuta nyuma sabini na moja, akaanza kufungua valvu. Nikaweka kiganja changu juu ya gurudumu. "Hiyo ni ya joto," nikamwambia. "Iache." Akaniuliza nimeyajulia wapi hayo. Nikamwambia kwetu. Neno hilo liliponitoka, akanishika mkono wenye masizi ya tairi na hakuuliza tena.

Nikwambie ukweli. Ninafurahi, Baba, nafurahi hadi naogopa. Lakini yeye akiwa na foleni yake kutwa nzima, mimi nakaa ndani na droo za vioo, kila siku mtaa mwingine, na wanaonitazama ni wale tu waliogeuzwa wanitazame. Wakishaona vizuri wanaondoka. Huwa nakaa kwenye kiti chako. Kutokea hapo unaona barabara tuliyotoka.

Upepo wa nyuma sikuutoa. Upo sitini na tano.

Kama huji, nifanyie kitu kimoja. Nenda kwa muuza vyuma, upande mizani, uniandikie namba. Nataka nyuma ya mlango kusiishie siku ile kabla ya harusi.

Mwanao


26 Mei

Baba,

Shikamoo. Karibu mwezi mzima sijapata barua. Nikidhani imepotea njiani nakosa raha, nikidhani haijaandikwa nakosa raha zaidi. Mume wangu anauliza posta kila mji tunaofika, hata ile isiyo kwenye njia yetu. Andika hata mstari mmoja. Andika namba tu.

Mwanao


9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe. Namba niliipata siku ile ile barua yako ya Aprili ilipofika, nikashindwa kuiandika.

Hamsini na tisa. Na viatu.

Muuza vyuma alikuja akaipiga mizani yake teke. "Mzee, hii imeharibika, shuka upande tena." Nikapanda tena. Akasema, "Basi mimi ndiye nimeharibika," akaniletea kiti.

Usiogope. Nilikwenda kwa daktari, amenipima damu na kila kitu, haoni ugonjwa. Aliniuliza nakula na nani. Nikamwambia nasikiliza redio. Akaandika kitu.

Wateja niliokutajia kwamba wana haraka hawako wengi. Karakana nafunga saa tisa, halafu nakaa. Nilidhani utatoka na nguo zako tu. Sikujua kelele zote za nyumba hii zilikuwa zako.

Nyuma ya mlango nimeandika. Iko chini ya ile yako.

Na shusheni upepo wa nyuma kama nilivyosema. Msipige hesabu upya, kilo kumi na saba kwa tairi si kitu.

Baba yako


18 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Kwa tairi si kitu. Nimesoma mstari huo nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, nikapiga kelele hadi mume wangu akaacha mtu na jicho moja limefunikwa.

Akasoma barua. Akarudi nje, akammalizia yule mtu jicho la pili, akawaambia waliobaki kwenye foleni kwamba atarudi mwezi ujao, kwa kuwa mkwe wake amepungua. Bibi mmoja akasema, "Nendeni, mimi nimekaa na haya macho miaka kumi, yatanisubiri." Ubao wa herufi umeshushwa. Tumejaza maji, leo alfajiri tumepima upepo gari likiwa limelala. Mbele hamsini, nyuma sitini na tano. Mimi nilishika geji, yeye akasoma. Alisoma kwa sauti kama anaapa.

Tutafika Jumamosi jioni. Njia yote hiyo magurudumu yatakuwa ya moto, kwa hiyo ukitoka na geji yako mlangoni hatutakuruhusu kuyagusa, ulituonya mwenyewe. Itabidi tulale hapo hapo uani. Pika wali, vikombe vitatu. Asubuhi, kabla hatujawasha injini, utoke upime wewe. Ukikuta sitini na tano usipunguze hata pumzi moja. Ni upepo wa mtu wa kilo sabini na sita, na humu ndani tutakula watu watatu mezani hadi uzito wako uufikie.

Tukiondoka nawe, chukua geji ya shaba, na vibanio. Chukua chaki. Kabati la vioo lina mlango, na nyuma yake hakujaandikwa kitu.

Usinijibu. Barua yako haitatukuta.

Mwanao