Kwa Mume Wangu Aliyengoja Jicho Liote

Mume wangu Baba Zuhura,

Amani ikufikie huko uliko. Sisi hapa Kiranjeranje hatujambo, ila konokono wako wamezaana na mchicha wangu wote wameumaliza. Nimeanza na hilo makusudi, maana ungekuwepo ungewatetea.

Unakumbuka yalivyoanza. Ulikuwa unachoma korosho uani, nikakwambia usiinamie bati, ukanijibu kwamba umechoma korosho tangu hujanioa. Mafuta ya ganda yakaruka, yakakupata jicho la kulia. Kovu likabaki juu ya mboni na jicho hilo halikuona tena. Nililia kuliko wewe.

Kisha siku moja redio ikasema kuna konokono ambaye akitolewa jicho huota jingine zima, na wataalamu wanamchunguza wakitumaini siku moja watajua namna ya kuwatibu watu walioumia macho. Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia nusu.

"Konokono anaota?" nikauliza. "Hata mimi naota. Jana nimeota niko Maka."

"Anaota jicho, Mama Zuhura! Linachipua!"

Kesho yake ulirudi kutoka shamba na konokono wawili wakubwa ndani ya kapu la mihogo, ukawaweka kwenye beseni langu la kufulia. Kila asubuhi ukawa unawachungulia. "Bado," unasema. Bado nini, nami naona macho yao wanayo? "Sasa nitaanzaje kumkata kiumbe wa Mungu jicho?" ukanijibu. "Nangoja lidondoke lenyewe."

Nilicheka mpaka jicho lako la kushoto nalo lilipoanza kuingia ukungu. Ukawa unamimina chai mkekani. Asubuhi moja ukamsalimia mbuzi wa jirani, ukamuuliza na habari za watoto. Hapo kicheko kikanikauka. Jicho lilikuwa limebaki hilo moja tu, nalo linakwenda.

Tukaenda Lindi. Daktari wa macho, binti wa rika la Zuhura wetu, akakuamkia, akakumulika, akasema, "Babu, hili la kulia kovu lake hapa kwetu hatuliwezi. La kushoto ni mtoto wa jicho tu. Tunamtoa, unaona."

Ukanyoosha shingo. "Mtoto? Basi ndilo jicho jipya linakuja. Mwacheni akue."

Ulijua vizuri mtoto wa jicho ni nini, mama yako alikuwa naye. Uliogopa kisu, ukajificha nyuma ya habari za konokono wa redioni, ukamsimulia daktari zote. Binti wa watu akakueleza kwa upole kwamba binadamu hajapewa kipaji hicho, kwamba wanaochunguza bado wana safari ndefu, na kwamba jicho lako haliwezi kuwangoja. Ukakunja mikono kama mtoto aliyekataa uji. Nikaona kabisa nitarudi nyumbani na kipofu.

Ndipo nikakwambia, "Sawa, Baba Zuhura. Kama ni mtoto, basi mimba imetimia. Inuka ukazae. Au unataka kupitiliza miezi?"

Benchi zima la wagonjwa likaangua kicheko, na bibi mmoja akapiga kigelegele. Daktari akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Wewe mwenyewe ukacheka, ukainuka, ukanyoosha mkono nikushike.

Walipofungua bandeji ulinitazama muda mrefu, nikadhani unatafuta neno zuri.

"Mama Zuhura," ukasema, "kumbe umezeeka."

Nilikununia njia nzima mpaka nyumbani.

Basi ikawa ndiyo kazi yako. Napepeta mchele, unanitazama. Nasuka ukili, unanitazama. Nikikuuliza unaangalia nini, unasema, "Nafidia." Nami nakufukuza ukaangalie mbuzi, huku moyoni nimefurahi kama mwari. Ulinitazama hivyo mpaka siku uliyofumba macho, na la kushoto lilikuwa safi.

Juzi nimetoka eda. Wifi zangu wamenipaka hina, wamenivika kanga mpya, wote wakasema nimependeza. Sikumwamini hata mmoja. Nilitaka uniangalie wewe.

Mola akutie nuru kaburini.

Mkeo,
Mama Zuhura