Gemu Ile Haikuwa Yako

Kwa mume wa mama yangu, popote ulipo,

Naiandika barua hii wazi kwa sababu sina anwani yako, na jina unalotumia sasa silijui. Kwetu Kirushya ulikuwa Melkiori. Nilipokufuata Nyantakara nikakuta wanakuita Yohana. Huenda leo una jina jingine kabisa, na mwenye nyumba wako anakusomea maneno haya mmekaa nje, nawe unaitikia kwa kichwa kama mtu asiyehusika. Basi endelea kuitikia, lakini sikiliza mpaka mwisho.

Nakumbuka ulivyofika. Ulikuwa mwaka ule Warundi walipoanza tena kuvuka mto Ruvubu, magari yakawa yanawachukua kuwapeleka kambini, na wengine wakabaki pembeni kwa ndugu na kwa wenye mashamba. Mama alikuwa mjane wa siku nyingi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa kwenye kiduka chetu nauza chumvi na sabuni na kuwachajia watu simu kwa sola. Ulikuja kuomba kibarua cha kupalilia migomba. Ulisema Kirundi, mama akakujibu Kihangaza, mkaelewana haraka kuliko nilivyopenda.

Hukuwa na mzigo. Ulikuwa na koti, dumu la maji, na soksi moja nene uliyoifunga fundo. Siku ya pili uliifungua mbele yangu, ukatoa kifaa cha kijivu cha kushika mkononi, kioo chake kimekwaruzika, vitufe vyekundu vimefifia rangi.

"Binti, nichajie na hiki."

"Ni simu?"

"Ni gemu. Michezo ya zamani, tangu sisi hatujazaliwa. Huko mijini ilikuwa ndani ya makabati makubwa kama friji. Mtu anatumbukiza sarafu, anacheza amesimama. Sasa wataalamu wametengeneza programu inayoliiga lile kabati. Hiki kidogo kinajifanya ni kabati."

"Kimetoka wapi?"

"Nilikinunua Bujumbura, tangu ujana wangu."

Nilikiunganisha kwenye sola. Nilikuangalia ulivyokuwa unakiangalia, nikasema moyoni, mtu huyu ana neno.

Sitakataa kwamba tulifurahi. Mvua ikinyesha na shamba halilimiki, ulikuwa unaleta kigoda, unakaa karibu na kaunta, tunacheza kwa zamu. Kulikuwa na mchezo wa mtu anayepanda ngazi akikwepa moto, na mwingine wa magari, lakini wetu ulikuwa ule wa kindege kidogo kinachopiga wadudu wanaoshuka kwa makundi kutoka juu. Mimi nikishika, wewe ulikuwa unapiga kelele kuliko mchezaji: "Kushoto! Kushoto, mwanangu, watakuzunguka!" Mama akawa anatoka jikoni kuuliza nani anapigwa. Nyumba yetu ilikuwa haijasikia kelele za namna ile tangu baba yangu afariki.

Ila mimi nilikuwa nakuchunguza. Kwanza, ulikuwa huwezi. Mtu aliyecheza tangu ujana wake anafia hatua ya pili kila siku? Pili, vitufe vilikuwa vimegeuzwa. Kindege kiliongozwa kwa vitufe vya kulia, risasi zikatoka kwa upande wa kushoto, ambako gemu zote huweka vitufe vya kuongozea. Ulikuwa unajichanganya, unapiga ulipotaka kukwepa. Nikapekua mipangilio. Ilikuwa ya Kifaransa, nikawa najaribu tu moja baada ya nyingine mpaka nikaona kwamba kuna mtu alivibadilisha kwa makusudi.

"Kwa nini ulivipanga hivi?" nilikuuliza.

"Nilikikuta..." ukasema, kisha ukakohoa. "Nilizoea hivyo."

Halafu kulikuwa na lile neno la kuendelea. Programu ile inakuruhusu kuusimamisha mchezo mahali ulipofika, ukauhifadhi, ukaja kuendelea siku nyingine palepale. Nilipobonyeza niendelee, kindege kilitokea mbali sana, hatua ambayo sisi wawili hatukuwahi hata kuiota, risasi zinaanguka kama mvua, tukafa kabla hatujapumua. Nilikugeukia. Ulisema, "Siku hiyo nilikuwa na bahati." Ulikuwa unatazama barabarani.

Nilimwambia mama. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. "Adela, mtu aliyekimbia vita unamuuliza risiti?" Shangazi Paskazia, dada wa marehemu baba, yeye alinielewa. Alikuja siku ile mama alipotangaza kwamba utahamia ndani. Alikaa mlangoni, akakataa chai.

"Wifi yangu, huyu mwanamume ana ndugu gani anayemjua?"

"Ana mimi," mama akajibu.

"Na kabla yako?"

Wewe ulikuwa unachonga mpini wa jembe uani, unasikia kila neno. Kisu chako hakikusimama hata kidogo. Hilo nalo nililiona.

Hata mwenyekiti wa kitongoji alikuja, maana watu walishamfikishia kwamba una chombo chenye vitufe na sauti. Mpakani kwetu wakati ule chombo chochote kilikuwa na maana yake. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kunitazama.

"Hii ledio unaongea na nani, bwana?"

"Siyo redio, mwenyekiti. Kaa ucheze."

Ulimweka kwenye kigoda chako, ukamwelekeza, akapiga mdudu mmoja tu kindege chake kikalipuka, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akaondoka. Lakini akiwa njiani alirudi hatua chache, akaniambia mimi, siyo wewe: "Ukiona kitu, njoo uniambie." Nikajua kwamba kicheko chake kilikuwa cha adabu tu.

Mwaka mzima tuliishi hivyo. Ulilima vizuri kuliko wanaume wote wa pale. Maharage yetu yalipata bei. Mama alinenepa, akaanza tena kuimba kwaya. Mimi nikawa nakula chakula ulichokilima, nacheza gemu yako, na ndani yangu nakusubiri ukosee.

Kisha akaja Bi Konsolata.

Ilikuwa siku ya gulio. Alikuwa mama wa makamo kutoka Muyinga, Burundi, amefikia kwa binamu yake upande wa pili wa kilima, na alikuja dukani kuchaji simu. Wewe ulikuwa shambani. Mimi nilikuwa nimewasha gemu, na ule muziki mfupi wa kuanzia ukalia. Bi Konsolata aliweka kikapu chini taratibu, kama amebeba mayai.

"Mwanangu, rudia hiyo."

Nikarudia. Akanyoosha mkono, nikampa bila kujua kwa nini. Aligeuza kifaa nyuma, akapitisha kidole kwenye mfuniko wa betri, pale palipokuwa pameyeyuka kidogo kama pameguswa na moto.

"Hiki ni cha Fabrisi wangu. Alikiweka karibu na jiko nikamchapa."

"Mama, vifaa hivi viko vingi," nikasema. Nilikuwa nakutetea! Sijui hata kwa nini.

"Fabrisi anatumia mkono wa kushoto," akasema. "Yeye kila kitu hukigeuza. Hiki kimegeuzwa?"

Nilimwita mama, mama akatuma mtu akuite. Ulikuja na jembe begani. Ulipomwona yule mama ameshika gemu, ulilishusha jembe, ukaliegemeza ukutani polepole mno. Hakukupigia kelele. Alikuuliza swali moja tu.

"Mwanangu yuko wapi?"

Nawe ukajibu, "Mimi sikumuua, mama."

Hakuna aliyesema umemuua. Neno lile lilitoka kinywani mwako kwanza, na sisi wote tulilisikia. Mama yangu alishika nguzo ya mlango. Bi Konsolata akakaa chini mavumbini, akaanza kulia bila sauti, na gemu ikawa inaendelea kuimba kamuziki kake mapajani mwake mpaka nikainama nikaizima.

Tulikusihi useme. Kwanza ukasema ulikiokota njiani. Mama akakwambia, "Uliniambia ulikinunua." Ukasema basi, ulipewa. Na nani? Ulikipata wapi? Ukalichukua jembe lako ukarudi shambani. Asubuhi yake ulivaa koti, ukamwambia mama unakwenda Biharamulo, kuna vibarua vya mihogo Nyantakara. Mama alikufungia viazi kwenye kitambaa. Jua lilipopanda, mwenyekiti alifika na mgambo, akakuta kitanda kimetandikwa.

Nilikufuata, unajua? Siyo kwa upendo. Mama alikuwa hali, hasemi, nikataka nikupate nikurudishe uongee au ufungwe. Nilipofika Runazi, njiani, mwenye duka mmoja alikumbuka koti lako. Nyantakara nilimpata mzee uliyemlimia.

"Yohana? Mchapakazi," akasema. "Mpole. Ila siku moja aliona gari la polisi linapita, ambalo halikuwa na habari naye, akaacha chakula sahanini. Hajarudi."

Nilirudi Kirushya nikiwa na hakika. Nilimwambia mama kwamba ameishi na muuaji. Mama akasema, "Hakika yako iweke hapo. Usiniwekee mimi mapajani."

Sasa nikwambie usichokijua. Fabrisi yuko hai.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa zimeanza Bi Konsolata alipokuja mbio, simu mkononi, kanga inaburuta. Kijana alikuwa kambini Kibondo muda wote ule. Mtu wa kijijini kwao alimwona kwenye foleni ya maji akampa namba ya mama yake. Tulimweka kwenye spika, mimi na mama na Bi Konsolata tukiwa tumeinamia simu pale kwenye kaunta. Nilimuuliza Fabrisi mwenyewe kuhusu gemu.

"Alichukua mvushaji," akasema.

"Mvushaji gani?"

"Mwenye mtumbwi. Tulikuwa na babu. Hatukuwa na hela. Mvushaji akaniuliza soksini mna nini, nikamwonyesha. Akasema hiki kinatosha mtu mmoja. Babu akaniambia panda."

"Na babu?"

"Alibaki ng'ambo. Nilimwona amesimama kwenye matete mpaka tulipofika katikati."

Bi Konsolata alitoka nje. Baba mkwe wake hajapatikana mpaka leo, hai wala maiti. Mama yangu alibaki pale, akaniuliza kwa sauti ndogo kama huyo mvushaji alikuwa na koti. Fabrisi akasikia. Akasema ndiyo, alikuwa na koti.

Kumbe ulikuwa unavusha watu. Kumbe ndiyo maana ulijua kila kina cha mto na hukuwahi kukubali kushuka mtoni na sisi. Ulikubali tukudhanie muuaji, ukamwacha mama wa watu alie mwaka mzima, kuliko kusema ulikaa kwenye mtumbwi ukipima nani anatosha na nani hatoshi. Walikuwa wangapi kabla ya Fabrisi? Walikupa nini? Lile koti ulilipata kwa nani? Unaona ulivyonifanya? Hata hilo koti linaninyima usingizi.

Na kuna maswali mengine yanayonisumbua zaidi, kwa sababu ni ya nyumbani. Ulipokuwa unaniita mwanangu, ulikuwa unamwita nani? Kazi yote ile shambani ilikuwa upendo kwa mama, au ulikuwa unatafuta mlango wa kujificha ukaupata kwa mjane? Na kwa nini ulikihifadhi kile kifaa, ambacho ungeweza kukiuza siku ya kwanza ukapata hela ya kula? Kuna siku nasema ulikihifadhi ili usisahau ulichofanya, na hapo roho yangu inalainika. Kesho yake nasema, hapana, alikihifadhi kwa sababu alikipenda, na nakasirika upya. Mama anasema yote mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Mimi sijafika huko.

Bi Konsolata alikwenda Kibondo kwa mwanawe na gemu akaondoka nayo. Mimi siku hizi nimepakua programu kama ile kwenye simu yangu, nimekiweka kile kindege, vitufe vimekaa mahali pake. Nafika mbali. Juzi nilifika hatua ile iliyotuua, nikaipita. Duka lilikuwa tupu. Nikageuka kukuonyesha, mara nikakumbuka wewe ni nani, nikaiweka simu chini nikajifanya namhudumia mteja aliyekuwa hajaingia.

Mwenyekiti amebadilishwa, na huyu mpya hakujui. Hakuna anayekutafuta kwa mauaji. Ukirudi hutafungwa kwa ajili ya Fabrisi. Lakini Bi Konsolata bado ana swali moja la kukuuliza kuhusu mzee aliyebaki kwenye matete: kama ulirudi kumchukua. Fabrisi hajui, maana magari yaliwasomba mara tu walipofika. Wewe peke yako unajua. Mimi nikijiuliza huwa nasema hukurudi. Mama husema ulirudi. Tumeshagombana kwa hilo mpaka tukaacha kusemeshana wiki nzima.

Miguu ya mama imeanza kuvimba, hawezi tena kushuka shambani. Nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza kama ana neno. Alifikiri, akasema, "Mwambie aje aseme mwenyewe. Asitume mtu." Nikamuuliza, na akija na uongo mwingine? Akasema, "Nitaujua. Nimelala naye."

Basi njoo useme. Njoo mchana, upite barabara kubwa, watu wakuone. Mama atakufungulia, namjua. Mimi nitakuwa nimesimama nyuma yake.

Ni mimi,
binti wa mkeo.