Ree Mbili Mkononi

Dada Lurleen,

Mvua imenyesha hapa Amarillo, na yule ng'ombe wako kazaa.

Ijumaa, tukicheza karata za pesa mezani kwa Dub, nilishika ree mbili, karata kubwa kuliko zote. Nikaguna kama kawaida yangu, sikupandisha dau, ili anione mnyonge. Ningepandisha, angetupa karata zake. Akabaki mchezoni bila kulipa kitu, na karata ya mwisho ikamkamilishia saba tatu. Mimi, nisijue, ndipo nikaweka mezani funguo za gari la marehemu baba. Limekwenda.

Nimemweleza mke wangu Verna. Akacheka: "Sura hiyo naijua, baba! Ukilia hivyo, ujue umeshinda."

Nikaapa. Akacheka zaidi.

Sasa yuko uani na ndoo ya maji, ananisubiri nilitoe gari huko anakodhani nimelificha, alioshe.

Nduguyo,
Wendell