Mabuti Meusi ya Neema

Alhamisi, mwezi wa saba. Mvua siku ya nne mfululizo hapa Toongabbie, Sydney. Kuta zimepoa hivi kwamba ukiziegemea unadhani umeegemea friji.

Leo sina mdomo wa kujisifu. Wanaonijua watashangaa.

Lakini ngoja nijisifu kidogo kwanza, ndiyo nipate nguvu ya kusema hili lingine. Binti yangu Neema yuko mwaka wa tatu wa uuguzi. Mimi niliishia darasa la tano. Kule ghalani Auburn ninakofunga maboksi, hata Wakenya wa ofisini wananiita Mama Nesi. Jina hilo nilijipa mwenyewe, wala sikungoja amalize masomo. Ningengoja nini?

Sasa yuko kwenye mazoezi hospitalini, na kila alfajiri anatoka na baiskeli. Treni ipo, lakini anasema baiskeli inamfungua macho. Haya. Shida ni baridi hii. Akirudi, soksi unazikamua kama nguo za kufua. Vidole vya miguu vimevimba, vyekundu, vinawasha mpaka anavisugua chini ya meza tukiwa tunakula. Nikamwambia, tulia, mabuti nitakununulia mimi. Mama yako yupo.

Akanitumia picha kwenye simu. Mabuti meusi ya baiskeli, yanapita kifundo cha mguu. Akaandika: chukua namba moja juu ya yangu, nipate nafasi ya soksi nene.

Jumamosi nikaenda Bankstown peke yangu. Muuzaji ni kijana mpole, ana tattoo ya mnyororo wa baiskeli mkononi. Nilimwambia binti yangu ni nesi. Akasema hongera. Nikamwambia tena, na tena.

Alinieleza vizuri, siwezi kumsingizia. Buti likibana, damu haifiki vidoleni, basi hata soksi mbili hazisaidii. Ndani kuna kitambaa cha manyoya. Zipu imefunikwa ili maji yasipenye. Juu kuna ukanda wa mpira unaokumbatia mguu, na suruali ya mvua inashuka nje ya buti, siyo ndani, la sivyo mvua inateremka na mguu na kujaa humo kama kwenye ndoo. Hata chini, pale kinapofungwa kile chuma cha kunasa pedali, alinionyesha palivyozibwa. Niliyaelewa yote. Nataka niandike hilo wazi: niliyaelewa yote.

Halafu akavaa moja, ili nione soli, akatembea kwenye sakafu ya mbao.

Ko. Ko. Ko.

Nikashika kaunta. Akauliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa, hayo sitaki, nipe yale ya njano pale. Akanitazama. Akasema yale ni viatu vya kiangazi, vina matundu ya kupitisha hewa, vitaingiza maji. Nikasema binti yangu anapenda njano.

Nyumbani nikamwambia Neema meusi yameisha. Nikasema muuzaji ameapa kwamba ya njano nayo hayaingizi maji. Akayavaa, akacheka, akasema anaonekana kama bata. Akanibusu.

Jumatatu mvua ilimwagika. Kwenye daraja la kijito alitaka kusimama, achomoe kile chuma cha kiatu kwenye pedali, lakini alikuwa hasikii tena vidole. Mguu haukutoka. Akaanguka na baiskeli yake. Mkono umeteguka, goti limechubuka, na wiki mbili za mazoezi zimesimama. Zile siku atazilipa mwezi ujao, wakati wenzake wamepumzika.

Hakunilaumu. Alisema, "Angalau ulijaribu, mama."

Hiyo ndiyo imenikosesha raha wiki nzima. Lile goti lina afadhali.

Sasa niseme. Ninyi wa Kenya na Tanzania mnasema buti. Sisi kwetu tunasema bote, tumelipata kwa Kifaransa. Na wakati wa vita, wale watu wenye bunduki tuliwaita kwa viatu vyao, vilivyosikika ko, ko kabla hujawaona wenyewe. Hatukusema askari, maana hatukujua ni askari wa nani. Tulisema bote. Ukisikia bote, unaacha sufuria motoni.

Lakini sisi pia, neno lenu "wote", tunalitamka "bote". Batu bote, watu wote. Neno ni lile lile. Mdomo ni ule ule.

Nilikuwa na mdogo wangu, Furaha. Alikuwa na miaka kumi na sita na sauti ya kuita ng'ombe toka kilima cha pili. Neema alikuwa na miezi minne. Mchana mmoja, Furaha yuko chini njiani, akaniita kwa nguvu: "Bote banakuya!" Bote wanakuja.

Nikamfunga Neema mgongoni nikakimbia. Sikuuliza. Sikuchungulia. Nilipita nyuma ya nyumba, nikashuka mtoni, nikavuka. Kufika upande wa pili nikakutana na jirani yetu, akaniuliza ninakimbia nini. Akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa amepishana nao njiani: walikuwa ni watu wetu. Walikwenda kulima shamba la mbali, wakakawia siku tatu, tukawa na wasiwasi, sasa bote walikuwa wanarudi, wazima. Furaha alikuwa ananiitia habari njema.

Nilikuwa nimechoka, mtoto analia. Nikalala kwa shangazi yangu upande ule. Nikamtumia Furaha salamu kwa yule jirani. Furaha akanirudishia jibu kwa huyo huyo: nakungoja nyumbani, usikawie, nimekuwekea chakula.

Kesho yake, kabla sijavuka, bote walikuja kweli.

Hakuna aliyemwona Furaha tena. Wengine walikimbia mapema. Yeye alikuwa ananingoja.

Hili sijawahi kumwambia mtu. Hata kwenye karatasi za wakimbizi, walipouliza ndugu, nilisema sina. Nimeishi nalo ndani kama mpangaji asiyezungumza. Nikiosha vyombo liko. Nikiimba kanisani liko, nami naimba kwa sauti kubwa kuliko wamama wote ili nisilisikie.

Leo jioni Neema amepiga simu dukani, kuuliza meusi yatarudi lini. Kisha akaja jikoni, mkono mmoja kwenye bandeji.

"Mama, yule mtu anasema hayajawahi kuisha."

"Labda amesahau."

"Anasema kuna mama alikuja Jumamosi, akayaangalia kama nyoka, akachukua ya njano."

"Wamama weusi ni wengi Sydney."

"Waliomwambia mara tatu kwamba binti yao ni nesi?"

Nikazima jiko. Nikamwambia akae. Nikamwambia yote, na kwa mara ya kwanza hakunijibu kwa Kiingereza. Aliuliza kwa Kiswahili chake kile cha kupapasa:

"Kwa hiyo mimi nina mama mdogo?"

"Ulikuwa naye."

"Alinibeba?"

"Alikubeba sana. Alisema una kichwa kikubwa."

Akacheka, na wakati anacheka machozi yakawa yanashuka. Akasema kama ningekuwa mtu wa kusimama kuuliza, siku nyingine wangekuwa bote wa kweli, na yeye asingekuwepo. Akasema mimi nilikimbia naye mgongoni, basi. Ni maneno mazuri. Ningependa yanitoshe. Hayanitoshi.

Ninachojua ni hiki: mara mbili nimelikimbia neno lile lile, na mara zote mbili aliyeumia si mimi.

Nikamwambia tutakwenda kuyabadilisha, anunue meusi. Akasema hapana, atatafuta ya rangi nyingine, hata kama si mazuri kama yale. Akasema atayaacha gereji nisiyaone. Nikakataa. Nilikataa kwa sauti, mpaka nikajishangaa. Nikamwambia nesi hawezi kupoteza vidole kwa sababu mama yake anaogopa viatu.

Kesho saa nne tunakwenda Bankstown. Atayavaa mbele yangu na soksi zake nene, nami nitabonyeza ncha kwa kidole gumba nione kama kuna nafasi. Nimemwomba atembee kwenye ile sakafu ya mbao, aende mpaka mwisho na kurudi, asinyate kwa ajili yangu. Kuna kiti karibu na kaunta. Nitakaa hapo.

Zile hatua zikianza kunijia, nitaweza kuinua macho nitazame uso wa anayekuja?