Fahali Ukutani

Jumatatu, 4 Machi
Ukuta wa kanisa umekamilika. Waandishi wanne wa Injili, kila mmoja na alama yake: malaika, simba, fahali, tai. Mchoraji ni Shemeji, kaka wa marehemu mke wangu. Luka ana sura yangu! Kipara changu, miwani yangu hasa. Na fahali kambandika mdomo sikioni, eti anampa maneno. Nyuma yangu mwimbaji mmoja akauliza yupi Luka, yupi ng'ombe. Benchi zima likacheka.
Mimi ng'ombe? Atanitambua.

Jumatano, 6 Machi
Kurasa sita kwa kamati ya kanisa. Hoja: anayevuvia ni Roho Mtakatifu, mnyama ni alama tu, si mwalimu. Fahali ni dhabihu, na dhabihu haipigi umbea! Sentensi tamu. Nikageuka nimsomee mtu. Sweta la mke wangu bado liko kitini. Nikalisomea birika.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeshinda. Kesho ukuta unapakwa chokaa, na Shemeji mwenyewe ndiye apake.
Nimekula mkate mkavu, nimesimama.

Jumamosi, 9 Machi
Mama anayefagia kanisa kanisimamisha getini. "Baba, kwani ulikosana na marehemu?" Sikumwelewa. Akasema Shemeji alimweleza tangu siku ya kwanza ya kuchora: dada yake, akiwa kitandani hospitalini, ndiye aliyeomba Luka apewe sura yangu. "Si ndivyo alivyokuita nyumbani? Fahali wangu."
Jina la chumbani! Miaka ishirini na miwili nikidhani tunalijua wawili tu. Kila nikimaliza makala aliinama nyuma ya kiti, mdomo sikioni: punguza ukali, Fahali wangu. Nami nilipunguza. Mkao ule ule, ukutani. Nami nimeuandikia kurasa sita.

Naandika kwenye benchi la nyuma kanisani, goti ndilo meza. Shemeji yuko juu ya ngazi, kanipa mgongo. Tai ameshakwenda. Simba kabaki mkia. Nimemwambia aache, naifuta barua, nilikosea — mimi, nilikosea!
Brashi ikasimama. Hakugeuka.
"Kamati imeshaamua, shemeji. Uliwaandikia vizuri mno."
Akachovya brashi. Kisha: "Njoo basi ushike ngazi. Inayumba."
Inayumba kweli. Tone la chokaa limeangukia bega la Luka, na brashi bado iko juu —