Koki ya Shemeji

Jumamosi, 1 Septemba 1979
Nimezungushia tena nyuzi za katani kwenye maungio ya bomba. Bado linavuja. Si kosa langu, bomba ndilo lina kiburi. Koki hii shemeji aliinunua Mwanza kabla ya kwenda vitani. Dada anataka mumewe aikute inafanya kazi kwenye bafu la uani, maji yashuke kama mvua. Nilimwambia naweza. Kijiji kizima cha Kaniha yuko nani mwingine? Darasa la sita sikumaliza, ila mikono yangu ilimaliza.

Jumatatu, 3 Septemba
Maji yanashuka. Tatizo koki nimeifunga nje ya ukuta, chini ya pipa la maji, na anayeoga yuko ndani. Jirani kauliza mwenye kuoga atapitisha mkono wapi. Kijiji cha ujamaa kimecheka kwa pamoja. Shambani hawaendi kwa pamoja hivyo. Kesho naihamisha.

Alhamisi, 6 Septemba
Sijaihamisha. Shemeji amerudi. Nimempa shikamoo, kaniangalia kama anaangalia ukuta. Mama yake, bibi tunayeishi naye, kamzuia mlangoni. Kwao anayetoka vitani huoshwa kwanza kwa maji ya majani, kwa mkono wa mama. Akamsogelea na beseni. Shemeji akarudi nyuma.
"Mama, usiniguse."
Basi. Kalala kwenye jiko la nje. Dada analia. Mimi sielewi kitu.

Ijumaa, 7 Septemba
Bado yuko jikoni. Bibi hataki aingie hajaoshwa, shemeji hataki mkono wa mtu. Mwenye kosa nani? Nimechoka kufikiri. Nikasema aoge kwenye mvua yangu.
"Bomba lina mkono?" bibi akauliza.
Nikaenda kuihamisha ile koki waliyoicheka. Nikashika spana, nikaiweka chini. Nikamwita bibi aje aone koki ilipo: nje, mkono wake unaifikia bila kumgusa anayeoga.

Jumapili, 9 Septemba
Tumemimina maji ya majani pipani. Shemeji kaingia bafuni peke yake. Bibi, huku nje, kafungua koki. Maji tu, muda mrefu. Kisha sauti ya shemeji, ndani ya ukuta:
"Ya baridi, mama."
"Najua, baba. Vumilia."
Sasa amelala chumbani kwake. Maji ya pipa yamekwisha tangu mchana. Bibi bado yuko uani, mkono kwenye koki. Nilitaka aniambie kazi yangu ni nzuri. Sikumuuliza.